Medali iliyokosea tarehe

Wanaosema medali za safari za meli ni mapambo tu ya kabati waitazame ile ya Resolution na Adventure, meli za safari ya pili ya James Cook. Ilitengenezwa na Matthew Boulton wa Birmingham, upande mmoja sura ya Mfalme George III, upande wa pili meli zenyewe, na maandishi yake yanadai zilitoka Uingereza Machi 1772. Kumbe ziling'oa nanga Plymouth tarehe 13 Julai! Kosa hilo ndilo linaloipa uzito: linathibitisha kwamba medali iliandaliwa kabla ya safari, ili igawiwe kwa watu wa Pasifiki iwe alama ya kufika huko, na kweli baadhi zimepatikana New Zealand.

Mtu atauliza, je, medali za miaka ya karibuni za kuadhimisha safari hiyohiyo hazifai? Zinafaa kwa anayependa picha ya meli, na bei yake ni nafuu. Ila zinashuhudia soko la leo, si safari ya Cook (na wapo wauzaji wanaofurahi usipotofautisha). Kabla ya kutoa pesa, uliza ilitengenezwa mwaka gani na kwa agizo la nani. Muuzaji akibabaika, usinunue.