Kupaliwa Kila Siku Si Kutajwa na Mtu

Mtu akipaliwa na chai mezani, tunajua vile itaenda. Mmoja atacheka. Mwingine atasema, "Kuna mtu anakutaja." Mathe ataamuru ainue mikono juu, halafu aletewe maji. Jamaa anapona, stori inaendelea. Na kwa sababu huwa anapona, hatujiulizi kama ni sisi tulimsaidia. Mimi nasema hapana. Alikohoa mwenyewe akapona, na hiyo mikono juu ilikuwa tu mazoezi ya mabega.

Sina shida na huo mzaha. Shida yangu inaanza mtu akipaliwa Jumatatu, Jumatano, na Jumapili tena, na bado jibu letu ni lile lile. Kwani nani huyo ana stori nyingi hivyo?

Kooni kuna njia mbili zimekaa karibu sana: ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma. Ukimeza, pumzi inasimama kidogo na kuna kifuniko kinafunika njia ya hewa mpaka tonge lipite. Ukicheka ama ukivuta pumzi wakati huo huo, kitu kinapotea njia. Kukohoa ni mwili kukirudisha.

Sasa angalia vile tunakula. Smokie pasua mbio mbio kabla mat ijae, chapo madondo huku umeinamia simu unacheka video, mdomo umejaa na bado unabishana kuhusu Arsenal. Pombe nayo inafanya koo lilegee na lichelewe. Januari 2002, George W. Bush akiwa rais wa Marekani alikuwa White House anatazama mpira kwa TV huku akila pretzel, kile kitafunio kikavu cha chumvi. Kikamkwama, akazimia, akaamka na mchubuko shavuni. Mtu analindwa na jeshi zima, na kitafunio kikapita walinzi wote.

Kama chako ni haraka na simu, dawa unaijua: tonge dogo, tafuna, meza, ndio uongee. Lakini kama umekaa vizuri, unakula polepole na bado unapaliwa kila wiki, hiyo ni kitu ya daktari. Jichunguze kwanza. Ni maji yanakusumbua ama ni chakula kigumu? Chakula kinachokwama kifuani, pamoja na kiungulia, kinaweza kuwa asidi ya tumbo inaumiza njia ya chakula. Tonsili zilizovimba pia zinaweza kuleta shida. Ukienda na hayo majibu, daktari ana pa kuanzia.

Wenye wananiuma roho zaidi ni wazee wetu. Shosho anakohoa kila akinywa chai, na nyumba nzima inasema ni uzee. Mara nyingi si uzee tu. Baada ya kiharusi, ama kwa ugonjwa wa Parkinson, misuli ya kumeza inachelewa. Ndio maana chai inamshinda na uji mzito unapita: chai inakimbia, inafika kabla kifuniko kifunge. Na ile inayoingia njia mbaya inaenda kwa mapafu, inaleta nimonia. Ukisikia sauti yake imekuwa ya majimaji baada ya kunywa, anakonda, ama kifua kinarudi kila mara, mpeleke hospitali mseme neno "kumeza", si "kikohozi" tu. Kuna wataalamu wa hiyo kazi. Mkingoja, akule akiwa ameketi wima, si amelala kwa kochi, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Meno yake ya bandia yakilegea, yashughulikiwe.

Na wewe mwenye huachiwa mtoto mathe akienda kazi: njugu na peremende si za mtoto mdogo. Smokie ikikatwa duara inatoshea njia yake ya hewa kama kifuniko cha chupa. Ikate kwa urefu, kisha vipande vidogo.

Kuna tofauti moja lazima ujue. Anayekohoa na kuongea, mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti, ameshika shingo, huyo njia imeziba kabisa, na maji hayatafungua kitu. Mwinamishe mbele, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Ikikataa, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta kwa nguvu kuingia ndani na kwenda juu, mara 5. Rudia hizo mbili. Huo mvuto wa tumbo ulielezwa na daktari Mmarekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Mama mjamzito unamvuta kifuani, si tumboni. Mtoto chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, unampiga mgongoni, kisha unamgeuza na kubonyeza kifua. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona.

Akizimia, mlaze chini, mtu apige 999, na anayejua kukandamiza kifua aanze. Akipona pia aende akaangaliwe, kwa sababu ile mivuto inaweza kuumiza ndani ya tumbo, na kipande kingine kinaweza kuwa kimebaki.