Si Miaka Iliyowaua

Nilikaa Kasongo, katika Maniema ya mashariki ya Kongo, siku tatu nikisubiri pikipiki ya kunifikisha kwetu Kabambare. Jioni ya pili mpwa wangu alichomeka kompyuta yake kwenye betri ya sola, akanionyesha ufalme alioujenga kwa wiki kadhaa katika mchezo wa Crusader Kings III. Mfalme wake akafa mbele ya macho yangu, umri miaka 52. Hakuchomwa mkuki, hakunyweshwa sumu. Maandishi yalisema tu kwamba amekufa kifo cha kawaida. Nikampa pole. Akajibu bila kuinua uso: "Huyo amefika mbali, mjomba. Zamani mtu akifika arobaini alikuwa mzee wa kuzikwa."

Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa wauguzi, hata barazani baada ya swala ya Ijumaa. Yanasemwa kwa utulivu, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi nayakataa. Kosa lake ni kubwa kuliko kosa la hesabu, kwa sababu yanamwondolea lawama kila aliyesababisha kifo na kuutwika mzigo umri.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kijiji kilichozaa watoto kumi. Watano wanakufa wakiwa na mwaka mmoja. Watano waliobaki wanaishi mpaka 60. Jumlisha miaka yote, gawanya kwa kumi: wastani ni miaka 30 na nusu. Lakini katika kijiji hicho hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 30. Kuna makaburi madogo, na kuna wazee. Mwanadamu wa zamani hakuwa na mwili unaochakaa haraka kuliko wetu. Aliyevuka utoto alikuwa na matumaini mema ya kuona wajukuu. Na wale wanaodai kinyume, kwamba babu zetu wote waliishi miaka mia kwa sababu ya mihogo safi na asali ya msituni, wametazama wazee waliobaki wakayapita makaburi madogo bila kugeuza shingo.

Bibi yangu mzaa mama, pale Kabambare, akiulizwa ana watoto wangapi alijibu tisa. Sisi tuliwafahamu wanne. Watano wengine alikuwa na sababu ya kila mmoja: surua, surua tena, kuhara, homa ya usiku mmoja, na yule wa mwisho ambaye hakuwahi kulia. Yeye mwenyewe alituaga akiwa amepita themanini.

Anayedhani bibi alikuwa wa pekee amtazame Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye Kasongo ilikuwa ngome yake. Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, akavuka bara kwenda na kurudi kwa miaka mingi, akafia Unguja Juni 1905, karibu na miaka 70. Au arudi nyuma zaidi, kwa Mvemba a Nzinga, mfalme wa ufalme wa kale wa Kongo: alibatizwa mwaka 1491 akiwa tayari mtawala wa jimbo la Nsundi, na alikufa katika miaka ya 1540. Hao walikula vizuri, ni kweli, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yao hawakuwa na hospitali wala kidonge cha malaria cha duka la dawa.

Basi michezo inafanya nini na vifo hivi? Civilization VI, ya mwaka 2016, inamchukua huyo huyo Mvemba a Nzinga na kumpa uhai kuanzia mwaka 4000 kabla ya Kristo hadi enzi ya roketi, uso ule ule. Hapo sina ugomvi. Kila mchezaji anaelewa kwamba ule ni uso wa taifa, si mtu. Medieval II: Total War, ya mwaka 2006, inairusha kalenda miaka miwili kwa kila zamu huku jemadari akizeeka nusu mwaka tu, nalo ni jambo la kurahisisha mchezo, linaonekana wazi.

Tatizo langu ni michezo inayodai kumwonyesha mtu. Katika Crusader Kings kila mhusika ana kiwango cha afya, na umri unakila kidogo kidogo mpaka bahati nasibu imwangukie. Watoto wengi wanapona. Nadhani ni kwa sababu mchezaji anayezika nusu ya warithi wake utotoni angezima kompyuta asirudi tena. Namwelewa mtengenezaji. Lakini matokeo yake ni historia iliyopinduliwa: kifo kimeondolewa kwenye mbeleko kikapelekwa kwenye ndevu. Kijana akicheza saa mia mbili za namna hiyo, anaondoka na imani kwamba watu wa kale waliisha wenyewe, kama mishumaa.

Victoria 3, inayoanza 1836 na kumalizika 1936, ingeweza kuwa mchezo wetu, maana karibu maisha yote ya Tippu Tip yanaingia humo. Wanasiasa na majemadari wana majina, sura na umri. Wananchi ni makundi yasiyo na umri, yanayoongezeka au kupungua kulingana na hali ya maisha. Hapo, nikiri, kuna ukweli mkubwa zaidi kuliko katika bahati nasibu ya wafalme: njaa inaua, ujira unaokoa. Ila nchi kama zetu za wakati ule zimetiwa katika fungu la mataifa yasiyo na dola kuu, na mchezaji hawezi kuzichagua. Anaweza kuzitwaa tu. Watu wa Maniema wanaingia katika mchezo huo kama idadi inayosubiri mwenyewe.

Sasa njoo Kabambare, mwaka 1870. David Livingstone, aliyeandika jina la mji wetu kama Bambarre, alikuwa amelala hapa miezi kadhaa kwa vidonda vya miguu, mtu wa miaka 57. Kwa imani ya mpwa wangu alipaswa kuwa kaburini miaka 17 tayari. Aliinuka, akaenda mpaka Nyangwe, akaishi mpaka 1873. Lakini si yeye ninayemtaka. Ninawataka watu alioandika habari zao humo katika shajara yake.

Mfanyabiashara Syde bin Habib alikuwa ametoka Rua. Kaka yake alikuwa ameuawa huko usiku, mkuki ulipopenya hema, na Syde akalipiza kwa kila aliyemkuta. Wazee waliuawa, vijana wakatiwa minyororo. Vijana hao walistahimili njia yote, mpaka walipovushwa Lualaba wakatazama nyuma na kuona mto ule mpana umekaa kati yao na kwao. Hapo mioyo ikavunjika. Ishirini na mmoja walifunguliwa kwa kudhaniwa kwamba hawana tena pa kukimbilia, wakatoroka wote mara moja. Lakini wanane, na wengine wengi waliokuwa bado minyororoni, walikufa ndani ya siku tatu baada ya kuvuka. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Baadhi ya waliowateka walishangaa: wanakula, hawafanyi kazi, wanakufaje?

Watekaji wale walikuwa na hesabu kama ya mchezo. Chakula kipo, umri mdogo, afya nzuri, kwa hiyo mtu lazima aishi. Tazama nani alikufa pale na kwa nini. Mzee hakufa kwa uzee, aliuawa kwa kisasi. Kijana hakufa kwa udhaifu wa zama zake. Kila kifo kilikuwa na mtu aliyekisababisha, na mtu huyo alikuwa na jina.

Vita vya 1892 hadi 1894, kati ya Waarabu na Waswahili wa huku na Dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, vinasema vivyo hivyo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikufa kwa majeraha mwaka 1893, baba yake akiwa na miaka kumi na zaidi bado ya kuishi. Gongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa Tippu Tip, alipigwa risasi Septemba mwaka huo huo kwa hukumu ya maofisa wa Dola hiyo, ambayo alikuwa amekwisha kujiunga nayo. Kabambare yenyewe iliangukia mikononi mwao Januari 1894.

Mtu ataniambia kwamba ni mchezo tu, na kwamba hakuna anayejifunzia kifo kwenye kompyuta. Namjibu kwa jambo lililotokea Kasongo. Mwaka 1981 jarida la tiba The Lancet lilichapisha kazi ya timu ya Mradi wa Kasongo, uliohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa, lakini tofauti ilipungua kadiri watoto walivyokua, na timu ikauliza kama baadhi ya waliookolewa walikuwa dhaifu ambao wangekufa kwa jambo lingine. Swali lilikuwa halali. Lililonitisha ni sentensi iliyochipuka humo: huyu angekufa tu. Tafiti za baadaye, za Guinea-Bissau, Senegal na Bangladesh, zilionyesha kwamba chanjo hiyo inaokoa watoto wengi kuliko hata waliohesabiwa kuuawa na surua yenyewe. Kumbe hawangekufa tu. Wawili wa bibi yangu hawangekufa tu.

Ndiyo maana sitaki kunyamaza mbele ya sentensi ya mpwa wangu. "Zamani mtu akifika arobaini" na "angekufa tu" zimezaliwa na mama mmoja. Katika vita vya 1998 hadi 2003 wengi wa waliopotea mashariki ya nchi hii hawakupigwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara na utapiamlo, barabara zikiwa zimefungwa na zahanati zikiwa tupu, na sehemu kubwa yao walikuwa watoto. Ni rahisi mno kusema kwamba watu wa huku hufa mapema.

Kwa watengenezaji wa michezo ninaomba jambo moja linalowezekana: mtu akifa, mwonyesheni mchezaji mkono uliomfikisha hapo, hasa pale mkono huo ukiwa wake, aliyetuma jeshi, aliyefunga njia, aliyedai pembe za ndovu.

Nilimsimulia mpwa wangu habari za Lualaba kabla pikipiki haijafika. Akafunga kompyuta, akaniuliza wale waliokufa walikuwa na umri gani. Nikamwambia walikuwa vijana, lakini mmoja ametajwa miaka yake. Mvulana wa miaka kama 12. Walimbeba njiani, na alipokaribia kukata roho wakamlaza taratibu kando ya njia, wakamchimbia shimo. Naye alisema hana ugonjwa wowote, ila moyo unamuuma.