Mashine ipo, nesi wake yuko wapi? Kwa nini wauguzi wazoefu wanasita kurudi darasani

Mashine ya kusafisha damu inaweza kununuliwa leo, ikasafirishwa kesho na kufungwa hospitalini wiki ijayo. Nesi wa kuisimamia hapatikani hivyo.

Lazima kwanza awe muuguzi aliyesajiliwa. Afanye kazi wodini kwa muda, kisha arudi chuoni mwaka mzima kusomea magonjwa ya figo. Na kabla hajarudi, mwajiri akubali kumwachilia, na mtu fulani alipe karo.

Hapo ndipo hesabu ya hospitali nyingi za Kenya inapokwama. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, siasa za afya zimekuwa za kuzindua vifaa. Watu wa kuvitumia hawazungumziwi sana.

Ni masomo gani haya?

Muuguzi huanza na stashahada au digrii, anasajiliwa na Baraza la Wauguzi, halafu anaingia kazini. Huko anapangiwa popote penye pengo. Mwaka huu wodi ya watoto, mwaka ujao wodi ya wazazi, baadaye kliniki ya wagonjwa wa nje.

Akitaka kubadilisha mkondo na kubobea, njia inayotumiwa na wengi ni stashahada ya juu. KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya matibabu kilichoanza mwaka 1927, kinatoa kozi hizo: wagonjwa mahututi, figo, chumba cha upasuaji, afya ya akili, macho na nyinginezo. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, darasani na wodini.

Hii si kozi ya anayetoka shule ya upili. Anayeingia humo tayari ameshakesha na wagonjwa, ameshazalisha, ameshafunga macho ya waliofariki. Anajua kazi. Asichokijua ni kazi hii mpya.

Na upya wake si mdogo. Chukua mfano wa kusafisha damu. Mgonjwa hukaa kwenye mashine kama saa nne. Katika muda huo, maji yanayopita upande wa pili wa kichujio hufika takriban lita 120. Maji hayo yasiposafishwa inavyotakiwa, uchafu unaweza kuingia kwenye damu. Nesi akikosea kiwango cha maji ya kutoa mwilini, presha ya mgonjwa inaweza kuporomoka akiwa kitini. Uzoefu wa miaka minane wodi ya wazazi hautoshi kukabiliana na hali hiyo.

Somo la mwaka 2015

Februari 2015, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu uliojulikana kama MES. Walengwa walikuwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa. Vilikuja vifaa vya upasuaji, picha za mwili, figo na wagonjwa mahututi. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, na gharama iliyotajwa ilikuwa takriban Sh38 bilioni.

Nafuu ilipatikana, hilo halina ubishi. Mgonjwa wa figo aliyekuwa akipanda basi hadi Nairobi au Eldoret kila wiki alianza kupata huduma karibu na nyumbani.

Lakini kamati maalum ya Seneti ilipochunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020, ilikuta baadhi ya vifaa vimelala. Kwingine hakukuwa na chumba wala umeme wa kutosha. Kwingine hakukuwa na wahudumu waliofunzwa kuvitumia. Kaunti ziliendelea kukatwa pesa vilevile.

Korona ikafichua mengine

Mwezi Machi 2020 kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa nchini. Ghafla kila gavana akawa anaulizwa ana vitanda vingapi vya ICU.

Utafiti uliochapishwa mwaka huo ulihesabu vitanda 537 vya ICU nchi nzima na mashine 256 za kusaidia kupumua. Kaunti zilizokuwa na angalau ICU moja zilikuwa 22 kati ya 47.

Vitanda vikaongezwa. Ila kitanda cha ICU hakimhudumii mgonjwa chenyewe. Fanya hesabu hii ndogo:

- Wiki moja ina saa 168.
- Nesi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hawezi kuzijaza peke yake. Wanahitajika zaidi ya wanne.
- Ongeza likizo na siku za kuugua, wanakuwa watano kwa kitanda kimoja.
- ICU ya vitanda sita, ikiwa kila mgonjwa ana nesi wake muda wote, inahitaji wauguzi kama 30.

Hata ukimpa nesi mmoja wagonjwa wawili, bado unahitaji 15. Hao wote wawe wamesomea kazi hiyo. Gavana anayekata utepe mbele ya vitanda sita ni nadra kuulizwa hao 15 watatoka wapi.

Akienda shule, wodini anabaki nani?

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, wauguzi wengi wa hospitali za umma wameajiriwa na kaunti. Kaunti ndiyo inayotoa ruhusa ya masomo.

Jiweke katika nafasi ya msimamizi wa wodi yenye wauguzi wawili usiku na wagonjwa 40. Mmoja anaomba aende KMTC mwaka mzima. Kwa kuwa bado yuko kwenye orodha ya mishahara, ni vigumu kuajiri mwingine mahali pake. Ukikubali, pengo ni lako. Ukikataa, wodi inaendelea kama jana. Wengi wangekataa, na si kwa ubaya.

Upande wa nesi nao una mizigo yake. Kwa umri huo huenda ana watoto shuleni, mkopo wa sacco, na mzazi kijijini anayesubiri hela ya dawa. Akipewa likizo yenye mshahara, bado kuna karo, nyumba ya kupanga mjini na nauli. Akinyimwa, anabaki na njia mbili: aombe likizo bila malipo, au aache ndoto hiyo. Na anayesomeshwa na mwajiri mara nyingi husaini mkataba wa kurudi kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Akirudi, anapelekwa wapi?

Hapa ndipo wauguzi wengi hulalamika zaidi. Mtu anamaliza stashahada ya juu ya wagonjwa mahututi, anarudi, anakuta amepangiwa kliniki ya chanjo. Sababu? Huko ndiko kulikuwa na pengo. Mwingine anabaki ngazi ileile ya mshahara kwa muda mrefu, kana kwamba cheti hakipo.

Mwaka mmoja nje ya mazoezi unatosha kufifisha ujuzi wa mashine. Kaunti inakuwa imegharamika mara mbili: imempoteza nesi mwaka mzima, na haijapata mtaalamu.

Wakati huohuo waajiri wa nje wanajua thamani ya cheti hicho. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Nchi za Ghuba nazo zimekuwa zikiajiri kwa miaka mingi. Wauguzi wa ICU, upasuaji na figo ni miongoni mwa wanaotafutwa sana. Kwa hiyo nesi aliyejilipia karo, asiyepandishwa cheo wala kupangiwa kazi aliyosomea, akiona tangazo la kazi Riyadh, ni vigumu kumlaumu.

Si kwa wenye kupenda shule tu

Kubadilisha ubobezi kulionekana kama jambo la wenye bidii ya ziada. Mwaka 2025 umeonyesha vingine.

Januari mwaka huo Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki nyingi za HIV zilizotegemea fedha hizo ziliyumba, na wahudumu wakaambiwa wabaki nyumbani. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi waliotumia miaka mingi kuhudumia wagonjwa wa HIV pekee. Wana uzoefu mkubwa, ila hospitali inayotafuta nesi wa figo haiwezi kuwachukua moja kwa moja.

Hawa ni watu ambao nchi imeshawasomesha. Wamebakiza mwaka mmoja tu kuwa wataalamu wa eneo lenye uhaba. Anayekosekana ni wa kulipia mwaka huo.

Kwa nini hesabu inaweza kubadilika sasa

Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na kusafisha damu ni kati ya huduma inazolipia. Serikali ya sasa pia imeachana na ukodishaji wa MES. Chini ya mpango mpya, vifaa vinalipiwa kulingana na huduma iliyotolewa.

Tofauti ni kubwa. Zamani kaunti ilikatwa pesa mashine ikifanya kazi au ikikaa imefunikwa shuka. Sasa mashine iliyolala haimwingizii mtu shilingi. Kukosa nesi kunageuka kuwa kukosa mapato, na lugha hiyo wakuu wa fedha wanaielewa haraka.

Ila kuna hatari upande wa pili. Kama pesa inafuata huduma, kishawishi cha kumweka nesi yeyote kwenye mashine, awe amesoma au la, kinaongezeka pia. Anayebeba hatari hiyo ni mgonjwa aliyelala na sindano mbili mkononi, asiye na namna ya kujua anayemhudumia ana cheti gani.

Nini kifanyike?

Hakuna kati ya haya kinachohitaji sheria mpya:

1. Kaunti ihesabu wauguzi kabla ya kuagiza mashine. Mafunzo ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo aanze nesi, ifuate mashine.
2. Likizo ya masomo iende na bajeti ya kuajiri mbadala wa mkataba kwa mwaka huo. Bila hivyo, wasimamizi wa wodi wataendelea kukataa.
3. Mkataba ufunge pande zote mbili. Nesi aahidi kurudi, kaunti nayo iahidi kumweka kwenye kitengo alichosomea na kumpandisha ngazi.
4. Sehemu ya masomo ya nadharia ifanyike mtandaoni, na mazoezi katika hospitali kubwa iliyo karibu, ili mwenye familia asilazimike kuhama.

Kwa msomaji ambaye si nesi, kuna jambo moja rahisi la kufanya. Siku gavana wako atakapozindua kitengo kipya cha figo au ICU, usiishie kuuliza kimegharimu pesa ngapi. Uliza wauguzi wangapi waliosomea kazi hiyo watakuwa zamu ya usiku huo, na wangapi wako chuoni sasa hivi.