Daftari la Mahudhurio Mbele ya Jeneza

Mwaka jana, mtaani kwetu, alifariki mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku katika ghala la nafaka. Alibatizwa akiwa mtoto, alifunga ndoa kanisani, na watoto wake wanne wote walipata Kipaimara katika parokia yetu. Kijana wake mkubwa alikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya kutoa taarifa ya msiba, kama ada ilivyo. Mwenyekiti alimpa pole, akamkaribisha kiti, kisha akafungua daftari. Mzee alikuwa hajaonekana katika sala za jumuiya kwa miezi tisa, na mchango wake wa mfuko wa misiba ulikuwa umesimama muda huohuo. Kijana akaambiwa kwamba jumuiya haitaweza kumwombea padre, na kwamba familia inaweza kuzika yenyewe.

Wakazika wenyewe. Vijana wa mtaa, wengi wao Waislamu, walichimba kaburi. Mwalimu mmoja mstaafu aliongoza sala alizozikumbuka kwa kichwa. Nami nilikuwapo, nikishika koleo lililonipa kazi ya kutotazama upande aliokaa mjane.

Sala za jumuiya yetu huanza Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Zamu ya mlinzi wa usiku huisha saa kumi na mbili asubuhi. Jina langu katika daftari lile halina pengo hata moja. Mhadhiri hana zamu ya usiku.

Nisieleweke vibaya. Sijui taasisi nyingine yoyote nchini mwetu, ya dini au ya serikali, inayoweza kufanya kile ambacho jumuiya ndogondogo hufanya usiku wa kwanza wa msiba. Kabla ndugu wa mkoani hawajapata nauli, akina mama wamekwisha kufika na sufuria, ndoo za maji na mikeka. Mmoja anachukua watoto wadogo akawalaze kwake. Wanaume wanahangaikia turubai, viti na gari la kwenda mochwari. Mtu mwenye mwandiko mzuri anakaa na daftari la rambirambi, na kila shilingi inaandikwa na kusomwa hadharani. Jioni inasaliwa rozari, na mfiwa asiyeweza kutamka neno anabebwa na sauti za wengine. Kwa familia ya muuza genge au dereva wa bodaboda, ambayo haina bima wala akiba, hii ndiyo hifadhi ya jamii yenyewe.

Wala haikuzuka tu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizifanya jumuiya hizi kipaumbele cha kichungaji katika mikutano yao ya 1973 na 1976, wakitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, wanapojuana kwa majina na kwa shida zao. Sinodi ya Afrika ya 1994 ikaenda mbele zaidi na kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Ni picha nzito hiyo, kwa sababu katika familia zetu hata mtoto aliyepotelea mjini miaka ishirini akirudi maiti, huzikwa na wa kwao.

Najua hoja ya wenyeviti, na si hoja ya kipuuzi. Wapo watu ambao hatuwaoni mpaka wawe na maiti ndani. Mjane mwenye kibanda cha mboga anatoa elfu yake kila mwezi kwa miaka kumi, halafu anakuja mwenye magari mawili, ambaye hajui hata jumuiya yake inaitwaje, akidai padre, kwaya na viti mia mbili. Mfuko usio na masharti hufa, na ukifa wanaoumia ni maskini. Hilo nalikubali kabisa.

Lakini hoja hiyo inahusu mfuko. Ibada ya mazishi ni jambo jingine, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinalieleza bila kigugumizi. Kanuni ya 1176 inasema waamini wafu wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa: walioasi imani waziwazi, wazushi na wafarakanishi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao hawanyimwi iwapo walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Pakiwa na shaka, kanuni hiyohiyo inaelekeza shauri lipelekwe kwa Askofu mahalia, na uamuzi wake ufuatwe. Kuhusu fedha, kanuni ya 1181 inaonya pasiwe na upendeleo, wala maskini wasikoseshwe mazishi ya heshima. Nimeisoma orodha hiyo mara kadhaa nikitafuta utoro wa Jumamosi. Haumo.

Kwa hiyo mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu mwema na ninamheshimu, alitumia mamlaka ambayo hata paroko hana akiwa peke yake pakiwa na shaka. Aliyapata wapi? Nadhani aliyapata kwetu sisi tunaokaa maofisini. Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa tukihitaji barua ya utambulisho, tukaulizwa kwanza risiti ya mchango fulani usiohusiana kabisa na barua hiyo. Mfumo wa nyumba kumi, uliotandazwa na TANU katika miaka ya 1960, ulitufundisha mambo mengi mazuri ya ujirani, lakini ulituachia pia tabia ya kumjua mtu kwa karatasi ya kiongozi wake. Jumuiya zimeirithi tabia hiyo pamoja na mihuri yake. Haki inageuzwa kuwa fadhila, kisha fadhila inatumika kukusanyia madeni. Mtumishi wa umma anayesoma haya akikasirikia mwenyekiti wangu, na aikumbuke meza yake mwenyewe.

Ninachopendekeza hakihitaji waraka mpya. Mfuko uendelee na masharti yake: asiyechangia asidai viti wala gari. Padre, sala na uwepo wa jumuiya visiwekwe katika fungu hilo, na mwenyekiti mwenye shaka juu ya marehemu aipeleke kwa paroko siku hiyohiyo, bila kumpa mfiwa jibu lake mwenyewe. Na jumuiya zenye walinzi, wauguzi na madereva zitafute saa nyingine ya kukutana. Jumapili jioni haijakatazwa na mtu.

Daftari nalo libaki, maana lina kazi. Lilikuwa likituambia kila wiki, kwa miezi tisa, kwamba mzee mmoja hayupo. Tuliweka alama ya kukosa mara thelathini na kitu, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyetembea dakika nne hadi nyumbani kwake kuuliza kulikoni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba katika miezi hiyo alikuwa akitoka zamu na kwenda moja kwa moja hospitali kusafisha figo, na kwamba fedha ya mchango ilikuwa ikiishia kwenye nauli.

Mjane wake sasa anahudhuria kila Jumamosi. Hufika kabla yetu sote, gizani bado, akitembea na mjukuu wake mmoja. Huomba daftari kwanza, huhakikisha jina lake limeandikwa, ndipo anapokaa.