Ukienda Dzaleka Kula, Usimsahau Aliyepika



Ndugu wasomaji, vijana wetu wengi hutamani kuiona Thailand: mahekalu yake, masoko ya mitumbwini, na vyakula vyake vya pilipili na tui la nazi. Hakuna ubaya. Huko kuna hata mchuzi uitwao massaman, ambao jina lake linanasibishwa na neno Musulman. Chakula husafiri na watu wake. Lakini anayetaka kuliona hilo kwa macho, sisi tunasema halazimiki kupanda ndege.

Chukueni mfano wa familia inayotoka Nathenje, kusini ya Lilongwe. Ikipita mjini na kuendelea kaskazini hadi wilaya ya Dowa, itafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili kinasikika kila njia. Nsima na usipa wa Kimalawi vinakaa jirani na fufu ya muhogo, sombe iliyoungwa kwa mawese, na ndagala. Kwa samaki na mboga, Muislamu hana shida kubwa. Kwa nyama, aulize kwa adabu imechinjwa na nani.

Tangu mwaka 2014 pia kuna Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa kambini humo na mshairi Mkongo ajulikanaye kama Menes La Plume. Wageni husikiliza muziki, hutazama ngoma za mataifa mbalimbali, na wengine hulala majumbani mwa wakimbizi.

Sasa hapa ndipo penye neno letu. Mgeni anakula, anashiba, anapiga picha, kisha jioni anarudi Lilongwe. Aliyempikia hana ruhusa ya kwenda kuuza chakula hicho hicho mjini. Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka pingamizi juu ya vifungu vya kuajiriwa na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje warudi Dzaleka, kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 na ambayo leo ina zaidi ya 50,000.

Serikali ilitaja usalama wa nchi, na wako wafanyabiashara wenyeji waliolalamikia ushindani. Nao wana haki ya kusikilizwa, kwani Malawi yenyewe si tajiri na imewapokea wageni kwa miaka mingi. Hata hivyo, sisi tunaona si uadilifu kuusifu upishi wa mtu huku tukinyamazia kufungiwa kwake riziki. Suratul-Hujuraat (aya ya 13) inatufunza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Na kujuana ni zaidi ya kuonja.

Basi wazazi, wapelekeni watoto. Waambieni wasalimie kwanza, waombe idhini kabla ya kupiga picha, wasipunguze bei ya sahani ya mama aliyeamka alfajiri kuwasha mkaa. Wamuulize alikotoka na njia aliyopita. Wakirudi shuleni, wawaeleze wenzao kwamba yule mpishi naye angependa kusafiri.

Wabillahi tawfiq.