Programu haisomi dozi iliyoishia barabarani

Wadau, nimechoka na sisi waandishi wa programu tunaojigamba eti kompyuta pekee itagundua saratani. Picha yenyewe itoke wapi? Kwenye skani ya PET mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18. Uvimbe mwingi wa saratani hula sukari kwa pupa (ubongo pia, usishtuke), basi hung'aa kwenye picha. Lakini mionzi hiyo hupungua nusu kila dakika 110. Ukitaka dozi moja ifike Kisumu kutoka Nairobi, mwendo wa saa sita kwa gari, pakia karibu dozi kumi. Hizo tisa atalipia nani, mgonjwa? Pesa tunazomwaga kwenye programu zijenge kwanza saiklotroni, mtambo wa kutengeneza florini hiyo, karibu na wagonjwa.