Mtoto Apimwe kwa Lugha Anayoijua

Ni nadra kukosa darasani mtoto asimuliaye hadithi kwa ufasaha na kujibu hesabu za kichwa upesi, lakini akitiwa kitabu mkononi hupigwa na bumbuwazi. Aghalabu hukumu yake hutolewa papo hapo: mvivu, mtundu au zuzu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001. Ulimi haukupigwa marufuku, nao hukata kuliko upanga.

Hali hii si ngeni. Mnamo 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu katika mambo mengine ila kusoma kukamshinda. Leo tunaiita disleksia, na yajulikana kuwa si upungufu wa akili. Kwa wengi chanzo chake ni ugumu wa kuzichanganua sauti za lugha na kuzioanisha na herufi.

Ndiyo maana naunga mkono wito kwamba watoto hawa wafanyiwe tathmini ya kisaikolojia mapema. Hatuanzi na mikono mitupu: vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa nchini mwaka wa 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ikafuata 1986. Swali langu, nikiwa mwanaisimu, ni moja: mtoto anapimwa kwa lugha gani?

Tahajia ya Kiingereza ni kichaka. Herufi nne zile zile, ough, husomwa kwa sauti kadha wa kadha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 kuhusu lugha 13 za Ulaya ulionyesha kuwa watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza huchelewa sana wakilinganishwa na wenzao. Kiswahili si hivyo: a ni a popote iendapo. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia huenda akasoma Kiswahili bila makosa mengi, ila hujikokota silabi baada ya silabi, na afikapo mwisho wa neno kama "hawakutusomesha" mwanzo wake umekwisha kumtoka. Kipimo kinachohesabu makosa pasi na kupima kasi kitampita mtoto huyu kana kwamba hayupo.

Kuna mtego mwingine. Mtoto wa Kijaluo huweza kuandika "samba" kwa "shamba", wa Kikuyu akachanganya r na l, na wa Kikalenjin akachanganya b na p. Hizo ni athari za lugha ya mama, wala si ugonjwa. Mpimaji asiyelijua hili atamtia mzima katika orodha ya wenye matatizo. Au atasema, "Ni lugha ya mama tu," na kumwacha anayehitaji msaada. Athari ya lugha ya mama hufuata utaratibu: mtoto huandika kama asemavyo. Disleksia aghalabu haina mpaka huo. Humfuata mtoto hata anaposoma lugha aliyonyonya.

Tathmini ya haki basi ianze na macho na masikio, kisha iulize kama mtoto amefundishwa ipasavyo na amehudhuria masomo. Baadaye apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi. Aondoe silabi ya kwanza katika "kalamu" aone kinachobaki, asome maneno ya kubuni kama "todegu" ambayo hawezi kuyakariri, kasi yake ipimwe, aandike imla. Mwanasaikolojia asifanye kazi hii peke yake, bali ashirikiane na mwalimu wa mtoto na mtu aijuaye lugha yake.

Wapo watakaosema kuwa wanasaikolojia ni wachache na gharama ni kubwa. Ni kweli. Lakini chekecheo la kwanza ni mwalimu. Yeye ndiye amwonaye mtoto kila siku, na haimgharimu kitu kuandika katika daftari lake ni wapi mtoto anakwama. Wala msaada usingoje cheti: mazoezi ya sauti, muda wa ziada na maswali ya mdomo yaweza kuanza kesho asubuhi. Kipimo kisichofuatwa na msaada ni mhuri tu juu ya paji la uso wa mtoto.

Sisi wa vyuo vikuu nasi tuna deni. Wanafunzi wa isimu na wa saikolojia, ketini pamoja muunde vipimo vya Kiswahili na vya lugha zetu nyingine, mvijaribu katika shule za kwetu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Haki hiyo ni jina tupu kwa mtoto aketiye darasani miaka minane bila kusoma ukurasa mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni maisha ya mtu.